Dokta anataka nibaki, baba mkubwa anataka niwe muuguzi: nishike njia gani katika kazi ya meno?

BARUA

Jambo Mama Mshauri,

Nina miaka 22, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, pamoja na baba, mama na wadogo zangu watatu. Nilipata Diploma ya Serikali katika bioshimi, asilimia 61. Mwaka ule nyumbani hakukuwa na pesa ya minervali, yaani ada ya chuo, basi nikatafuta kazi. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinipeleka kwenye kabine ya meno mjini, walikuwa wanatafuta msichana wa kupokea wagonjwa na kusafisha. Nikaanza na ndoo na daftari la majina.

Kisha msaidizi wa dokta akaacha kazi, dokta akaniita ndani nimshikie mrija wa kuvuta mate. Tangu hapo sikurudi mapokezi. Sasa ni zaidi ya mwaka. Dokta akinyoosha mkono najua anataka nini kabla hajasema. Najua kukoroga unga wa kuchukulia chapa ya taya usigande mapema, najua kuosha vyombo na kuvipanga kwenye otoklavu, najua kuongea na mtoto anayelia mpaka afungue kinywa mwenyewe. Mama, kazi hii naipenda. Mtu anaingia ameshika shavu, hajalala siku mbili, anatoka akicheka na watu barabarani.

Shida ni kwamba kila mtu sasa ana neno lake juu yangu.

Dokta anasema nisiende shule. «Shule itakula miaka yako, mimi nitakufundisha yote hapa.» Ananilipa dola 120 kwa mwezi, mara nyingine zinachelewa. Mkataba wa maandishi hakuna. Na siku hizi mchana anakwenda kwenye kabine nyingine, ananiachia wagonjwa. Detartraji, yaani kukwangua ukoga wa meno, ninafanya peke yangu. Amenionyesha kuchoma sindano ya ganzi na kung'oa, na nimeng'oa yeye akiwa amesimama pembeni. Lakini mwezi uliopita alikuja baba mmoja na gego linamsumbua, dokta hayupo, nikampigia simu, akaniambia: «Unajua, fanya.» Nikafanya. Damu ikatoka, ikakataa kukoma. Nilimbana kitambaa hapo mpaka giza likaanza kuingia, nikimwomba Mungu moyoni. Ikakoma. Kesho yake yule baba alirudi na machungwa kunishukuru. Mimi usiku ule sikulala. Na sitakuficha, Mama: ndani ya hofu ile kulikuwa pia na fahari.

Baba mkubwa anafanya kazi Kolwezi na yuko tayari kunilipia masomo, ila kwa sharti moja: uuguzi, ISTM, chuo cha ufundi wa afya. «Muuguzi anapata kazi popote. Msaidizi wa meno ni nani? Ni mtu wa kushika taa.» Anataka jibu kabla mwaka wa masomo haujaanza.

Mama mdogo yuko Ndola, Zambia, ananiambia Lusaka kuna shule ya matabibu wa meno, nije nikae kwake kwanza nijifunze Kiingereza. Kibemba nakijua kidogo.

Kuna tena mzee mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, fundi anayetengeneza meno ya bandia ya wagonjwa wetu. Huwa nampelekea chapa za plasta. Siku moja alinipa nta nichonge jino, akalitazama sana, akasema nina mkono. Anasema atanichukua nijifunze kwake, ila mwanzoni hatanilipa.

Na mimi mwenyewe, nikizima taa usiku, ninataka kuwa daktari wa meno kabisa. Hilo sijamwambia mtu. Kinshasa ni mbali, miaka ni mingi, na dola zangu 120 ndizo zinazolipa shule ya wadogo zangu wawili.

Baba yangu alikuwa soda, fundi wa kuchomelea vyuma, katika kampuni ya migodi. Ufundi wote aliupata kazini. Alipopunguzwa, mwaka niliozaliwa mimi, alikuwa na mikono bila karatasi hata moja, na hakupata tena kazi ya kudumu. Nikimwuliza ushauri ananiambia neno moja: «Tafuta karatasi.» Mama anasema nisimkasirishe baba mkubwa.

Je, kubaki msaidizi ni kupoteza ujana wangu? Nikienda uuguzi, nitaweza kurudi kwenye meno? Nifanye nini?

Binti wa Katuba

JIBU

Mwanangu, jambo sana, na asante kwa kuniandikia mambo yote bila kuchagua yale mazuri tu.

Una kazi unayoipenda na ambayo mikono yako imeshaizoea. Una dokta anayekuahidi elimu bila karatasi, baba mkubwa mwenye pesa na sharti, mama mdogo aliye ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na mzee wa Kenya aliyekuona. Chini ya hayo yote una ndoto ambayo hata mama yako hajaisikia. Unaniuliza ushike ipi. Sitakuchagulia, kwa sababu si mimi nitakayeamka alfajiri kwenda kwenye kazi hiyo maisha yote. Lakini nitakaa nawe tuzitazame, na baadhi ya mambo unayoyachukulia kuwa ya hakika nitakuomba uyatazame mara ya pili.

Kabla ya shule na minervali, tuongee juu ya yule baba wa gego. Uliandika habari yake katikati ya barua kana kwamba ni jambo la kupita. Mimi naona ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizoniandikia.

Kuvuta jino ni sehemu ndogo ya kung'oa jino. Magego ya juu, mizizi yake inakaribiana na uwazi wenye hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu, na mzizi ukivunjika unaweza kusukumwa humo. Magego ya chini yako karibu na mshipa wa fahamu, ukiumia mdomo unabaki na ganzi kwa miezi, na kwa wengine hisia hairudi tena. Ile ganzi yenyewe mara nyingi imechanganywa na adrenalini, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo au presha kali hapewi hivi hivi. Yuko mgonjwa anayekunywa dawa za kuyeyusha damu, yuko mwenye sukari, yuko mwenye ugonjwa wa damu kutoganda ambao hata yeye haujui. Yule baba ulimwuliza hayo? Na kama angekujibu «ndiyo, ninayo presha», ungejua la kufanya? Siulizi ili nikulaumu. Aliyekuwa na wajibu wa kujua hayo yuko upande wa pili wa simu.

Tena kuna sheria. Kwetu Congo, kutibu watu bila kuwa na haki ya kutibu ni kosa la jinai. Siku damu isipokoma, familia haitauliza nani alikuwa kwenye simu, itauliza nani alishika koleo. Fahari uliyoihisi naielewa, ni fahari ya mtu aliyeona kwamba anaweza. Naitaka ibaki nawe mpaka siku utakapokuwa na haki ya kuifanya kazi hiyo mchana kweupe.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, fikiria kumwambia dokta neno hili, asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, kwa heshima: «Dokta, nakushukuru kwa unavyonifundisha. Ukiwepo nitakusaidia kwa lolote. Usipokuwepo, sichomi sindano na sing'oi jino. Nitampokea mgonjwa, nitaandika anachougua na dawa anazokunywa, nitampangia saa utakayokuwepo.» Anaweza kukasirika. Anaweza hata kukuambia kazi imekwisha, na najua dola 120 hizo ni madaftari ya wadogo zako, ndiyo maana sikuambii useme kesho bila kufikiri. Jadiliana kwanza na baba yako. Lakini ujue pia kwamba jinsi dokta atakavyolipokea neno hilo ndivyo utakavyojua uzito wa ahadi yake ya «nitakufundisha yote».

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Katika barua yako, kazi za meno zinaonekana kama ngazi moja: chini msaidizi, juu kidogo tabibu, juu kabisa daktari, na asiyefika juu ameshindwa. Baba mkubwa naye anaona hivyo anaposema «mtu wa kushika taa». Naomba uijaribu picha nyingine. Hizi ni kazi mbalimbali zinazokutana kwenye kiti kimoja, na kila moja inataka mtu wa tabia yake.

Msaidizi ndiye anayehakikisha kwamba koleo lililotoka kinywani mwa huyu haliingii kinywani mwa yule na ugonjwa juu yake. Umeniambia unapanga otoklavu. Je, unajua kwa nini vyombo vikishaoshwa na kufungwa vinahitaji mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika kadhaa, au nyuzi 121 kwa muda mrefu zaidi, na kwa nini maji ya moto ya sufuria hayatoshi? Kama unajua, unabeba elimu ambayo wagonjwa wa kabine nzima wanaitegemea bila kujua jina lako. Ufaransa, sheria ya afya ya Januari 2016 iliiingiza kazi ya msaidizi wa meno katika orodha ya taaluma za afya, na shule yake na cheti chake. Mwambie baba mkubwa hilo, kwa upole. Kwa hiyo kubaki msaidizi hakupotezi ujana. Kinachoweza kuupoteza ni kubaki msaidizi bila mkataba, bila cheti, na bila barua inayosema ulifanya nini.

Ni kweli pia kwamba kufundishwa na dokta si aibu wala si jambo jipya. Marekani, mji wa Bridgeport, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman, aliyekuwa binamu yake, kusafisha meno ya wagonjwa mwaka 1906. Lakini Fones hakuishia hapo: alifungua shule mwaka 1913, na mwaka 1917 Newman akapewa leseni ya serikali, ya kwanza ya kazi hiyo ya usafi wa meno. Ufundi ulitoka kwa bosi, haki ya kuufanya ikatoka kwa shule na sheria. Wewe dokta amekupa nusu ya kwanza. Na angalia jambo hili: kazi hiyo hiyo ya usafi wa meno, inayojulikana sana Marekani na Kanada, Ufaransa haiitambui mpaka leo kama taaluma peke yake, na Ubelgiji masomo yake yalianza 2016 tu. Kwa hiyo mtu akikuuzia mafunzo ya miezi michache kwa jina zuri, au ukiona kitu cha namna hiyo kwenye simu, usilipe mpaka umwulize: cheti hiki kinatambuliwa na nani hapa Congo, na kinaniruhusu kugusa nini kinywani mwa mtu? Nenda mwenyewe Divisheni ya Afya ya mkoa, nenda ISTM, nenda UNILU, chuo kikuu chetu cha hapa Lubumbashi, uliza mezani, uandike jibu na jina la aliyekujibu.

Uuguzi. Hapa naomba usimpinge baba mkubwa haraka, na usimkubali haraka. Anachokuwazia ni chema. Uuguzi utakupa yale hasa yaliyokukosesha usingizi usiku ule: kupima presha, kujua dawa zinavyogongana, kuzuia damu, kumwokoa mtu aliyezimia kitini. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalopotea ukirudi kwenye meno, na wako wauguzi wanaofanya kazi katika huduma za meno. Lakini hoja yake kwamba «muuguzi anapata kazi popote» ataijua vizuri akizungumza na wauguzi wa hospitali za serikali hapa mjini. Wako wanaofanya kazi miaka na miaka wakiitwa vitengo vipya, yaani waajiriwa wapya, wakingoja matrikili, namba ya mtumishi wa serikali, bila mshahara wa serikali, wanaishi kwa kiposho wanachogawiana kutoka pesa za wagonjwa. Kazi ipo, mshahara ni habari nyingine. Na swali la ndani zaidi ni lako: unapenda wagonjwa, au unapenda meno? Katika barua yako yote sikuona wodi, sikuona vitanda. Niliona nta, plasta, chapa, vyombo, na mtoto mmoja anayefungua kinywa. Huenda najipa uhakika kupita kiasi kwa kusoma ukurasa mmoja, kwa hiyo jipime: omba kukaa siku chache wodini na muuguzi unayemfahamu, uone kama miguu inataka kurudi.

Mzee wa komini ya Kenya. Njia hii umeiandika kwa mistari michache tu, nami imenishika kuliko nyingine. Fundi wa meno ya bandia hagusi mgonjwa, anafanya kazi kwa chapa na kwa agizo la daktari. Anamwaga plasta, anachonga nta, anageuza nta kuwa rezini, plastiki ngumu ya meno ya bandia, anasugua mpaka ulimi wa mtu usihisi mkwaruzo. Mtu aliyepoteza meno ya mbele anaficha mdomo kwa mkono akiongea. Fundi ndiye anayemshusha mkono huo. Na kwa sisi watu wa Katanga kuna jambo linalonigusa. Viunzi vya chuma vya meno ya bandia, vile vyepesi vinavyoshika meno yaliyobaki, vinatengenezwa kwa mchanganyiko wa kobalti na kromu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchini kwetu, kwa sehemu kubwa huko huko Kolwezi anakofanya kazi baba yako mkubwa. Inatoka hapa udongo, inarudi kinywani mwa watu kama kazi ya mikono ya mafundi wa mbali. Ningefurahi kuona mikono ya hapa ikiijua kazi hiyo.

Lakini usiingie kwa kusifiwa jino moja la nta. Vumbi la plasta na la chuma kinachosuguliwa linaharibu mapafu, na harufu ya rezini mbichi si ya kuvuta kutwa katika chumba kisicho na dirisha. Tazama kama mzee anavaa barakoa, kama ana kifyonza vumbi. Uliza anapata kazi ngapi kwa mwezi na kutoka kwa madaktari wangapi, maana fundi anayetegemea kabine moja anaanguka siku kabine inapofunga. Ujue tena kwamba nchi nyingine meno sasa yanachorwa kwenye kompyuta na kuchongwa na mashine. Mkono mzuri bado unahitajika, ila mkono usiojua kompyuta utabaki na kazi chache. Tena wako mafundi mitaani wanaoingiza mikono vinywani mwa watu na kuwawekea meno bila daktari yeyote. Ukiona mzee wako anafanya hivyo, umerudi kwenye shida ile ile ya simu ya dokta.

Na «mwanzoni hatanilipa» maana yake nini? Miezi mitatu au miaka mitatu? Sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatambua mkataba wa kujifunza kazi, nao huandikwa. Mwombe mzee muuandike: unajifunza nini, kwa muda gani, utaanza kulipwa lini. Halafu pita INPP ya hapa Lubumbashi, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, uwaulize kama ufundi uliojifunzia kazini unaweza kupimwa na kupewa cheti. Kinachomuuma baba yako, soda aliyebaki na mikono bila karatasi, ndicho unachoweza kukiepuka kwa kuuliza mapema.

Zambia ni njia ya kweli. Kule tabibu wa meno ni kazi inayojulikana kisheria: anasomea diploma, anang'oa, anaziba, anakwangua ukoga, na anaandikishwa na baraza la taaluma za afya. Hata mafundi wa meno ya bandia wanafundishwa Lusaka. Kibemba chako kitakusaidia sokoni, darasani hakitakusaidia, masomo ni ya Kiingereza. Diploma yako ya Serikali itabidi ithibitishwe na mamlaka yao ya vyeti kabla shule haijakupokea, na utahitaji kibali cha mwanafunzi. Kisha liko swali ambalo wengi wanalikumbuka wakiwa wameshamaliza: ukirudi, Congo itakutambua kama nani? Cheti cha nje kinaombewa ulinganisho kwenye wizara ya elimu ya juu, na cheo ambacho kwetu hakina kiti chake kinaweza kukuacha umesoma vizuri na bado unaitwa msaidizi. Ukienda Zambia, nenda ukijua kwamba huenda maisha yako ya kazi yatakuwa kule. Je, hilo linakutisha au linakuvutia?

Nafika kwenye lile unalolisema ukizima taa.

Kwa nini hujamwambia mtu? Naona umeshaamua kwamba jibu la nyumbani ni hapana, na umemjibia baba mkubwa kabla hujamwuliza. Yeye ameweka sharti la uuguzi kwa sababu uuguzi ndio anaoujua. Hajawahi kuambiwa kwamba mtoto wa ndugu yake anataka kuwa daktari wa meno. Huenda atakataa. Miaka ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambako kuna kitivo cha udaktari wa meno, ni mara mbili ya ile aliyoipigia hesabu, na juu yake kuna ndege na chumba cha kupanga. Ana haki ya kusema pesa hazifiki. Lakini kukataliwa jambo ulilolisema kunauma tofauti na kulibeba miaka ishirini kimya. Hitaji la watu lipo: Shirika la Afya Duniani, OMS yetu, lilihesabu kwamba kati ya 2014 na 2019 ukanda wa Afrika ulikuwa na madaktari wa meno 3.3 kwa kila watu 100,000, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Hitaji si mshahara, nimeshakuambia hivyo juu ya wauguzi na narudia hapa. Hata hivyo ni jambo la kumwekea baba mkubwa mezani.

Unaweza kuzungumza naye bila kumpa ndiyo wala hapana. Mwombe aje, au uende Kolwezi siku ya Jumapili, na baba yako awepo. Nenda na majibu uliyoyaandika kutoka ISTM, UNILU na INPP, na bei za kila njia. Mtu mzima anayetoa pesa husikia vizuri anapoona kijana amefanya kazi yake kabla ya kuomba. Na mama yako, anayekuambia usimkasirishe, mwulize kwanza anachoogopa hasa. Labda ana ahadi au deni upande ule ambalo wewe hulijui.

Usisahau wadogo zako katika hesabu, ila usiwafanye ukuta. Ukienda shule, nani atashika zile ada mbili? Baba mkubwa akilipa minervali yako peke yake, nyumba imepungukiwa dola 120. Jambo hilo liseme wazi siku hiyo hiyo, kabla halijageuka kuwa siri ya kukurudisha nyumbani katikati ya mwaka wa kwanza. Inawezekana kufanya kazi nusu siku na kusoma? Dokta aliyekuambia usiende shule, je, angekubali uende nusu? Hujamwuliza pia.

Kwa dokta huyo, hata ukibaki, hata ukiondoka, omba mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni mkataba: sheria niliyoitaja inataka uandikwe, na kukosa maandishi hakukufanyi uwe si mfanyakazi, kwa sababu unaweza kuthibitisha kazi yako kwa njia nyingine. Uulize na CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama jina lako limeandikishwa. La pili, ukiondoka, ni hati ya huduma inayosema ulianza lini, ulimaliza lini, na ulifanya kazi gani. Ukurasa mmoja wenye muhuri. Anza sasa kuwa na daftari lako la kazi, uandike kila unachojifunza na tarehe yake.

Jambo la mwisho halingoji uamuzi wa baba mkubwa wala wa mtu mwingine. Umeshika sindano na koleo zaidi ya mwaka, na hukuniandikia kama umechanjwa hepatitisi B. Ugonjwa huo unapita kwenye damu, na mchomo mmoja wa sindano iliyotoka kwa mgonjwa unatosha. Chanjo ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe uanze, na risiti mpelekee dokta, umwombe abebe gharama hiyo. Kisha niandikie tena ukishaongea na baba yako. Ningependa kujua alisema nini alipolisikia lile unalolitaka.

Mama Mshauri